Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya tiba ya methadoni: dozi ina hesabu yake, nanyi mnaivuruga

Kwa: Viongozi wenye dhamana ya afya na udhibiti wa dawa za kulevya,
Tanzania.

YAH: DOZI ZINAZORUKWA, KLINIKI ZISIZOSEMEZANA NA NALOKSONI ISIYOFIKA MTAANI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wafamasia, wauguzi na waelimishaji rika wa tiba ya uraibu wa heroini. Barua za ndani tumekwisha kuandika, kwa utaratibu, kupitia kwa wakuu wetu wa kazi. Zilipokelewa, zikagongwa mhuri, zikalala kwenye majalada. Hii tunaiandika hadharani kwa heshima ileile, ila safari hii na wananchi waisome.

Kwanza haki yenu tunawapa. Februari 2011 Tanzania ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, pale Muhimbili, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinabishana kama mraibu ni mgonjwa au mhalifu. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha huduma ikavuka kwenda Zanzibar na kupanda hadi Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Kwa hiyo hatuna ugomvi na methadoni. Tuna ugomvi na ratiba za kiofisi zinazoiendesha kana kwamba ni panadoli.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana bila hiyo madai yetu yataonekana manung'uniko tu.

Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini ndani ya muda mfupi na kushika vipokezi vya opioidi (jamii ya dawa zenye heroini, mofini na methadoni) kwenye ubongo. Vipokezi vya namna hiyo viko pia kwenye shina la ubongo, penye seli zinazopanga pumzi. Kwa kawaida kaboni dayoksaidi ikizidi kwenye damu, seli hizo hushtuka na kumlazimisha mtu avute hewa, hata akiwa usingizini. Opioidi ikizidi, mshtuko huo haupo tena. Pumzi zinapungua, zinakuwa 8 kwa dakika, 4, kisha hakuna. Moyo husimama baadaye, kwa kukosa oksijeni.

Ubongo unaozimishwa hivyo kila siku nao hujirekebisha. Mfumo wake wa noradrenalini, ule wa kumweka mtu macho na tayari kukimbia, huongeza nguvu ili kushindana na dawa. Unga ukikosekana kwa saa 6 hadi 12, nguvu hiyo inabaki bila mshindani: miayo, kamasi, machozi, vinyweleo kusimama, mboni kutanuka, tumbo kuendesha, mifupa kuuma hadi mtu akose pa kuiweka miguu. Hiyo ndiyo arosto. Anayeitafuta kete saa 11 alfajiri mara nyingi hatafuti raha. Anataka kuacha kutetemeka.

Methadoni hushika vipokezi hivyohivyo, lakini taratibu. Ikinywewa hufika kileleni baada ya saa 2 hadi 4, na kwa watu wengi nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya saa 24 hadi 36. Wapo wanaoitoa nusu hiyo kwa saa 8 tu, wapo wanaokaa nayo hadi saa 59. Sasa mchukueni mteja mpya anayeanza na miligramu 30, na tuseme mwili wake unatoa nusu kila baada ya saa 24. Siku ya pili anakunywa 30 juu ya 15 zilizobaki: 45. Siku ya tatu: 52. Ya nne: 56. Ya tano: 58. Kikombe ni kilekile, mkono wa muuguzi ni uleule, lakini mwilini dawa imekaribia kuwa mara mbili. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza ndizo za hatari, na ndiyo maana dozi hupandishwa kwa miligramu 5 hadi 10 tu kila baada ya siku kadhaa, mpaka ifike 60 hadi 120 ambako wengi hutulia. Anayempandishia mteja kila siku kwa sababu "bado analalamika" anampandishia dozi ambayo bado haijafika.

Baada ya hapo, hoja zetu.

1. Dozi zinazorukwa

Mteja anatakiwa dirishani kila siku, siku 365. Anayeunganisha magari mawili analipa nauli nne za daladala kwa siku ili anywe mililita 16 za dawa (miligramu 80, kimiminika kikiwa na miligramu 5 kwa kila mililita). Akipata kibarua cha saa 12 asubuhi, na dirisha linafunguliwa saa 1 na kufungwa saa 7 mchana, lazima achague kazi au dawa. Sikukuu ikiangukia siku ya mvua, mtu haendi.

Akiruka siku moja, dawa ya jana bado inamshikilia. Siku ya pili jasho limeanza. Siku ya tatu yuko kijiweni. Hapo ndipo mnapotuachia mtego mbaya kuliko yote: anaporudi siku ya nne, ustahimilivu wa mwili umepungua, na tukimpa 100 yake ya zamani juu ya unga alioutumia jana, tunaweza kumzimisha sisi wenyewe. Miongozo mingi inasema aliyekosa siku 3 mfululizo apimwe upya na apunguziwe, mara nyingi kwa nusu, na aliyekosa 5 au zaidi aanze upya kwa 30 au chini yake. Utekelezaji wake unategemea rejista kuwa wazi mbele ya anayemimina dawa. Penye daftari la mkono lililofungiwa ofisini, muuguzi wa zamu ya Jumapili anamimina kwa kumbukumbu.

Dawa ya tatizo hili inajulikana: dozi za kubeba nyumbani kwa waliotulia. Panaporuhusiwa, zinategemea moyo wa msimamizi wa siku hiyo. Tunaomba kigezo kimoja, kilichoandikwa: miezi 3 bila kukosa dozi, mkojo usioonyesha heroini wala dawa za jamii ya Valium, na mahali pa kufungia dawa. Aanze na chupa moja ya Jumapili, baadaye mbili, taratibu hadi sita kwa wiki. Kila dozi iwe kwenye chupa yake, imeongezwa maji hadi mililita 100 ili isivutie kujidunga, kifuniko kiwe kile kisichofunguka kwa mtoto, na lebo iwe na jina, tarehe na kiasi. Chupa tupu zirudishwe kabla ya kupewa nyingine. Sharti la kufuli si urasimu: miligramu 10 zinaweza kumuua mtoto mdogo, na chupa ya mzazi ina 80.

2. Kliniki ya kifua kikuu haijui mgonjwa anakunywa methadoni

Hili ndilo linalotukera kuliko yote, kwa sababu halihitaji fedha bali simu.

Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja methadoni. Kiwango cha methadoni kwenye damu kinaweza kushuka kwa theluthi moja hadi theluthi mbili. Mteja aliyetulia kwa 90 anaanza dawa za kifua kikuu Jumatatu. Ndani ya wiki moja au mbili ana arosto kamili huku akinywa dozi yake kila siku mbele ya macho yetu. Akilalamika anaitwa mwongo: "Huyu anataka kupandishiwa ili alewe." Baada ya hapo ama anarudi kwenye unga, ama anaacha dawa za kifua kikuu, kwa sababu ameshagundua mwenyewe, bila shahada yoyote, kwamba vile vidonge vyekundu ndivyo vinavyomharibia. Akiviacha katikati, tunatengeneza kifua kikuu sugu na kukirudisha kwenye daladala.

Kinachotakiwa ni chepesi. Siku rifampisini inapoanza, kliniki ya methadoni ijulishwe. Mteja aulizwe kila siku kuhusu jasho, miayo na usingizi, na dozi ipandishwe kwa 10 kila baada ya siku chache kadiri dalili zinavyosema. Wengine huishia kuhitaji mara moja na nusu ya dozi ya awali au zaidi, na wengine hufaa wagawiwe dozi mara mbili kwa siku.

Sehemu inayosahaulika ni mwisho. Miezi 6 ikiisha, mgonjwa anapongezwa, anapewa cheti cha kupona, na vimeng'enya vya ini vinarudi kwenye kasi yake ya zamani ndani ya wiki mbili hivi. Ile 150 iliyokuwa inafanya kazi ya 90 sasa ni 150 kweli. Hajaongezewa hata tone, lakini anaanza kusinzia akila. Tukiwa hatujaambiwa kwamba rifampisini imesimama, hatutamshushia. Dawa ya kinga ya kifua kikuu yenye rifapentini, ile ya mara moja kwa wiki kwa wiki 12, nayo iko kwenye jamii hiyohiyo.

Dawa za VVU zina kisa kinachofanana. Efavirenzi na nevirapini hushusha methadoni, dolutegraviri haishushi. Kwa hiyo aliyehamishwa kutoka mchanganyiko wa zamani kwenda ule wa dolutegraviri anaweza kupanda kiwango bila mtu kugusa kikombe chake. Tena aliye na kifua kikuu na VVU anahitaji dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku, si mara moja, kwa sababu ya rifampisini hiyohiyo. Mtu mmoja, ini moja, na madaftari matatu yasiyojuana, wakati mwingine katika hospitali moja, korido moja.

Flukonazoli ya fangasi na siprofloksasini ya bakteria huenda upande wa pili: hupandisha methadoni. Methadoni pia hurefusha kipindi cha umeme wa moyo kiitwacho QT, na kikipita milisekunde 500 moyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya hatari. Haloperidoli ya magonjwa ya akili, kwinini, na kwa kiasi fulani dawa mseto ya malaria, husukuma upande huohuo. Hatusemi mtu wa methadoni asitibiwe malaria. Tunasema apewe mseto, na kama ana dozi kubwa, historia ya kuzimia au ameharisha sana, apimwe umeme wa moyo (ECG).

3. Naloksoni

Naloksoni ni dawa ya kumzindua aliyezidiwa: huiondoa opioidi kwenye kipokezi ndani ya dakika chache. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2014 shirika hilo lilishauri kwamba watu wanaoweza kuwa karibu na anayezidiwa wawe nayo na wafundishwe kuitumia. Hapa kwetu ikipatikana mara nyingi iko kwenye kabati la hospitali. Anayezidiwa yuko uchochoroni nyuma ya gereji, na waliomzunguka wanammwagia maji, wanampiga makofi na kumnywesha maziwa, ambayo mtu asiye na fahamu atayavuta hadi mapafuni.

Kazi yenyewe mwelimishaji rika anaweza kufundishwa kwa alasiri moja. Mwite jina, msugue kwa vifundo vya vidole kwenye mfupa wa kifua. Anayesinzia kwa unga atajibu, hata kwa tusi. Aliyezidiwa hajibu, mboni zake ni ncha ya sindano, anakoroma kwa mkwaruzo, midomo na kucha zimekuwa za kijivu. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5. Pumzi ndiyo tiba ya kwanza, sindano ya pili. Ampuli ya miligramu 0.4 idungwe kwenye msuli wa paja au bega, hata juu ya nguo. Dakika 2 au 3 zikipita bila kupumua mwenyewe, ya pili. Akianza kupumua, mlaze ubavu.

Halafu asiachwe. Naloksoni hukaa dakika 30 hadi 90, methadoni hukaa zaidi ya siku. Aliyeamka na kuondoka kwa hasira (ataamka na arosto, na atakutukana) anaweza kuzama tena baada ya saa moja. Lazima afike hospitali, na hospitali imwangalie usiku kucha badala ya kumruhusu kwa sababu "amezinduka".

4. Valium ya dukani

Wateja wetu wengi waliozidiwa hawakutumia opioidi peke yake. Diazepamu, ndiyo hiyo Valium, hufanya kazi kwa mlango mwingine wa ubongo, wa GABA, lakini njia zote mbili zinaishia kwenye pumzi, na zikikutana ustahimilivu wa methadoni haumkingi mtu. Naloksoni haiondoi diazepamu. Maduka yanayoziuza bila cheti yanajulikana mtaani kwa majina ya utani. Mkiamua kuyabana, tahadhari moja: aliyetumia diazepamu kila siku kwa miezi akikatiwa ghafla anaweza kupata degedege. Anatakiwa ashushwe kidogokidogo kwa wiki nyingi, na hiyo huduma iwepo kabla ya msako.

5. Akiba

Hesabu fupi. Wateja 1,000 kwa wastani wa miligramu 80 wanatumia gramu 80 kwa siku, kilo 2.4 kwa mwezi. Akiba ya miezi 3 ni kilo 7.2. Methadoni iko chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Dawa za Kulevya wa 1961: makadirio ya mwaka hupelekwa kwenye bodi ya kimataifa inayosimamia dawa hizo, na kila shehena inahitaji kibali cha kuingiza na cha kutoa. Huwezi kuiagiza Ijumaa ikaja Jumatatu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, kila mtu kwenye fani hii alijiuliza nani atalipa posho za waelimishaji rika na mafuta ya gari. Swali hilo halipaswi kuulizwa tena siku dawa inapokaribia kwisha. Dawa ikiadimika, wateja washushiwe mapema na kwa mpango, wasiambiwe dirishani asubuhi kwamba leo hakuna.

Nje ya akiba, jambo moja zaidi: mteja akiwekwa mahabusu, anaweza kukosa dozi. Hili ni fupi: polisi na magereza wapewe utaratibu wa kuletewa dawa, na anayetoka gerezani apokelewe kliniki siku hiyohiyo, maana wiki mbili za kwanza uraiani, mwili ukiwa umesahau opioidi, ni za kufa.

Majibu tunayoyajua

Mtasema tunabadilisha uraibu kwa uraibu. Heroini humpandisha na kumwangusha mtu mara tatu au nne kwa siku. Methadoni iliyotulia haimpandishi, ndiyo maana anaweza kushona, kubeba zege na kunyonyesha. Naam, mwili wake unaitegemea. Wa mgonjwa wa kisukari unategemea insulini.

Mtasema dozi za nyumbani zitauzwa. Baadhi, ndiyo. Kwa hiyo tunapendekeza kumwita mteja bila taarifa, siku yoyote, aje na chupa zake; anayekosa hesabu anarudi dirishani kila siku. Mwenye chupa sita na kazi ya kudumu ana cha kupoteza.

Mtasema naloksoni itawapa jeuri. Anayesema hivyo hajamwona mtu akizinduliwa nayo. Hakuna anayejitakia arosto ya ghafla.

Mtasema bajeti. Hoja ya pili haina bajeti.

Tunachoomba

Ndani ya siku 60 tangu barua hii, tunaomba: mwongozo mmoja wa dozi za kubeba nyumbani kwa kliniki zote; fomu ya ukurasa mmoja kati ya kliniki za methadoni, kifua kikuu na VVU, inayojazwa siku dawa inapoanza na siku inapokwisha; ruhusa ya maandishi kwa waelimishaji rika waliofundishwa kubeba ampuli mbili za naloksoni na sindano zake, bila kukamatwa nazo; saa za dirisha zianze saa 11 na nusu alfajiri angalau siku tatu kwa wiki; na taarifa ya akiba ya methadoni ibandikwe kliniki kila mwezi, kwa siku, si kwa maneno kama "ipo ya kutosha".

Kama kuna ombi mnalolikataa, tunaomba mtujibu kwa maandishi na sababu, ili tuwaeleze wateja wanaotuuliza kila asubuhi. Fomu ya hoja ya pili tumeshaitengeneza. Ina mistari kumi na miwili, na iko tayari kukabidhiwa mtakapoihitaji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wafamasia, wauguzi na waelimishaji rika wa tiba ya methadoni

Nakala: Waratibu wa kifua kikuu na wa VVU, mikoa yote
Nakala: Wateja wetu, ubao wa matangazo wa kliniki